Macho Mbele ya Sindano

Ocokoru alikuwa amepiga kinanda kanisani kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyejua kwamba hawezi kusoma nota hata moja. Hakuficha. Hakuna aliyemuuliza.

Katika parokia yao, pembeni mwa mji wa Arua, nyimbo hufundishwa kwa herufi. Moris, kiongozi wa kwaya, huandika d, r, m, yaani do, re, mi, kwenye karatasi kubwa ya manila, akaitundika ukutani, na kila sauti ikafuata mstari wake. Ocokoru hakuhitaji hata hizo herufi. Alisikiliza wimbo mara moja, akaurudia mdomo umefungwa kama mtu anayeonja mchuzi, kisha vidole vikaanza kuutafuta. Mara ya pili alikuwa ameupata. Mara ya tatu ulikuwa wake, na haukutoka tena kichwani mpaka leo.

Kinanda chenyewe kilikuwa kibodi ya umeme, ya plastiki, nayo ilikuwa na siri moja. Ocokoru alipiga nyimbo zote mahali pamoja, kwenye vidole vyeupe vya kibodi, vile vya katikati. Moris akitaka wimbo upande kidogo au ushuke, Ocokoru alibonyeza kitufe cha pembeni, na mashine yenyewe ikaubeba wimbo ikaupeleka juu au chini. Mikono yake haikuwahi kuhama nyumbani.

Siku nyingine za wiki alikuwa fundi cherehani. Alikaa barazani karibu na soko la Arua, akishona sare za shule na magauni ya vitenge, miguu ikikanyaga, magurudumu yakiimba. Mume wake, Afedra, alifanya kazi ya kupakua malori mpakani Vurra na kurudi nyumbani Aroi mwisho wa wiki. Watoto walikuwa wamekua. Yalikuwa maisha yaliyotulia, yenye pindo lililoshonwa vizuri.

Kisha masista wakafunga nyumba yao, wakaiachia parokia piano.

Ililetwa ukumbini ikiwa imefunikwa blanketi, pamoja na kasha la mbao lililojaa karatasi za muziki. Miguu yake ilisimamishwa ndani ya makopo manne ya oili chafu ili mchwa wasipande. Jumatano hiyo kwaya yote ilizunguka kuiangalia. Ocokoru alikaa, akagusa kidole kimoja tu, cha chini, taratibu. Halafu akakigusa tena kwa nguvu. Akaondoa mkono, akautazama.

Kibodi haikujali kama umeipiga kwa hasira au kwa huruma. Sauti ilikuwa ile ile. Piano ilijali. Ilijua uzito wa kidole, ikajibu kwa uzito huo huo, kama mtu aliyekuwa anakusikiliza. Miaka ishirini na sita alikuwa akiongea na mlango, na leo mlango umefunguliwa na kuna mwenyeji ndani.

Wakaanza wimbo. "Panda kidogo, dada," Moris akaita kutoka mbele, kama kawaida yake.

Mkono wa kushoto wa Ocokoru ukaenda pembeni kutafuta kitufe. Ukakuta mbao. Ukapapasa juu, ukapapasa chini.

"Dada, unatafuta nini huko? Swichi ya taa?"

Kwaya ikacheka, naye akacheka pamoja nao. Lakini wimbo aliojua tangu ujana hakuweza kuusogeza hatua moja.

Jumapili iliyofuata Padri Celestino alisoma barua baada ya Misa. Masista walikuwa wameacha sharti. Piano ilitolewa kwa mahali penye mtu anayeweza kusoma muziki ulioandikwa, si kucheza kwa kukariri. Mwezi wa kumi na moja angekuja mwalimu wa muziki, Mama Peace, na kuweka mbele ya mpigaji ukurasa ambao hajawahi kuuona. Kama hakuna wa kuusoma, piano ingepelekwa ng'ambo ya Nile, kwenye chuo cha walimu.

Padri alikunja barua. Alikuwa na uso wa mtu asiye na wasiwasi. "Tuna bahati, tuna Ocokoru," akasema. "Si ndiyo, mama?"

Ocokoru akasimama. "Padri, mimi napiga. Lakini hapana soma."

Watu wakacheka wakidhani ni utani. Walipoona hajakaa, wakanyamaza.

Ilikuwa mwezi wa Januari. Alikuwa na miezi kumi.

*

Mwalimu wa kumfundisha alikuja mwenyewe barazani kwake, akiwa na gunia.

Ndani ya gunia kulikuwa na makoti tisa mekundu yenye vifungo vya shaba, makwapa yote yameachia. Mwenye gunia alikuwa mzee mrefu, kofia nyeupe ya kufuma kichwani, mgongo umenyooka kama amemeza fimbo. Jina lake Yakubu, Mnubi wa Koboko. Alikuwa amepuliza klarineti katika bendi ya jeshi miaka kumi na tisa. Sasa alikuwa na bendi yake ndogo ya kupiga arusini na kwenye sikukuu za serikali. Jeshi aliliacha zamani, lakini Koboko nzima ilimwita Afande.

Juu ya meza ya Ocokoru, chini ya mkasi, kulikuwa na karatasi moja aliyoitoa kwenye kasha la masista. Alikuwa akiitazama tangu asubuhi kama mtu anavyotazama mvua. Mzee Yakubu akainama, akasogeza mkasi kwa kidole, akaanza kuimba polepole. Ta, ta-ra, taa.

Ocokoru akasimamisha cherehani. "Mzee, unajua hii wimbo?"

"Hapana. Naona leo."

"Sasa unaimba namna gani?"

Mzee akamtazama kama aliyeulizwa kwa nini maji ni maji. "Si iko andikwa?"

Akasema hivyo tu, akaanza kuhesabu makoti yake. Lakini Ocokoru alikuwa hasikii habari za makoti. Sauti imetoka kwenye karatasi kavu, kwa mtu ambaye hajawahi kuisikia, na ilikuwa tamu. Yeye aliyejivunia masikio yake alijiona kama kipofu aliyeambiwa leo kwamba kuna rangi.

"Makoti utapata Jumamosi," akamwambia. "Mimi mwenyewe nitaleta Koboko. Na wewe, Afande, utanifundisha."

"Una miaka ngapi?"

"Arobaini na tatu."

"Kuruta mzee," akasema Yakubu. Lakini alitabasamu.

*

Basi kila Jumamosi ya pili Ocokoru alipanda gari kwenda Koboko. Darasa lilikuwa ua wa Mzee Yakubu, na mke wake, Mama Kadijah, alileta chai ya tangawizi na maneno.

Yakubu alimwonyesha mistari mitano, na nota zinavyokaa juu yake kama ndege kwenye waya. Vijisehemu vilivyotengwa kwa mistari ya wima aliviita vyumba. "Kila chumba iko na hesabu yake," alisema. "Unaingia, unahesabu, unatoka." Alimfundisha kwamba alama zinazofanana na herufi b mwanzoni mwa mstari ziliitwa flati, na kazi yake ilikuwa kukuambia kabla ya safari ni vidole gani vyeusi utakutana navyo. Kitufe kilichokuwa kwenye kibodi, sasa ulitakiwa ukibebe kichwani.

Akampa na sheria moja ngumu. "Ukurasa moja, siku moja. Kesho hapana rudia. Ukurasa ya jana iko maiti."

"Kwa nini, Afande? Mimi nikirudia ndiyo napata."

"Ndiyo hiyo shida yako. Wewe ukisikia mara moja, masikio inashika, macho inalala. Masikio yako iko mzuri sana. Inaiba kazi ya macho."

Ocokoru akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kuyalaumu masikio yake.

Asubuhi, kabla ya kufungua baraza, alikwenda ukumbini. Alichota ukurasa mmoja kwenye kasha, akausoma kwa mkono wa kulia, polepole kama mtoto anayesoma jina lake mwenyewe, kisha akauweka kando. Asingeurudia hata ukimlilia.

Baada ya miezi miwili akamuuliza Yakubu kuhusu mistari ya chini, ya mkono wa kushoto. Mzee akajikuna shavu.

"Ghorofa ya chini mimi hapana jua. Klarineti inakaa juu. Huko chini ni ya watu wa tuba."

"Wako wapi watu wa tuba?"

"Wote wamekufa."

"Sasa mimi nitafanya nini?"

"Kuruta," akasema Yakubu kwa huzuni ya kweli, "hapo unaingia peke yako."

Akaingia peke yake. Kwenye kasha alitafuta wimbo mmoja ambao kwaya yao huuimba, akaupata ukurasa wake, pembe moja imeliwa na mchwa. Akaomba kwa Moris manila ya besi ya wimbo ule ule, akaitandaza sakafuni kando ya ukurasa, akapiga magoti. Pale Moris alipoandika d, aliangalia nota imekaa mstari gani. Pale alipoandika s, akaangalia tena. Alitia alama kwa chaki ya kushonea. Siku ya sita ghorofa ya chini ilikuwa wazi, na hakuna mtu wa tuba aliyemfungulia.

*

Mwezi wa Juni Moris alitaka kumsaidia. Alikuwa mtu wa mdomo mwingi lakini si mbaya. Jumatano moja akaweka mbele ya Ocokoru wimbo mpya, ukurasa safi, kwaya imesimama.

"Leo mwalimu anasoma!" akatangaza. "Tayari, dada? Moja, mbili..."

Vyumba vitatu vilikwenda sawa. Katika cha nne kidole chake kikaangukia jirani. Ocokoru akasimama, akarudi, akakirekebisha. Kwaya ilikuwa imeshafika cha sita. Akaruka kuwafuata, akakosea, akarudi kurekebisha. Soprano wakamsubiri, tenori hawakumsubiri. Besi wakaendelea kama ng'ombe wanaojua njia ya nyumbani. Wimbo ukasambaratika mpaka ikabaki sauti ya mtu mmoja nyuma, akiimba peke yake kwa imani.

Moris akashusha mikono. "Dada, wewe umetuacha njiani, au sisi tumekuacha?"

"Mwambie atafute swichi!" mtu wa tenori akasema.

Kicheko kikubwa. Safari hii Ocokoru hakucheka nao. Alifunga kifuniko cha piano taratibu, akaaga vizuri, akatembea mpaka nyumbani Aroi kwa miguu, mwendo mrefu, bila kuhesabu chochote. Padri alikuwa ameketi mwisho wa ukumbi. Alikuwa ameona yote, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jumamosi akamweleza Yakubu kila kitu. Mzee alisikiliza, akapuliza chai.

"Fundi," akasema, "ukikosea kushona unafanya nini?"

"Nafumua. Narudia."

"Nguo inakungojea?"

"Inangoja."

"Wimbo inangoja?"

"Hapana," Ocokoru akasema.

"Siku moja," Yakubu akasema, "tuko kwa gwaride, wakubwa wote wameketi. Ulimi ya klarineti yangu, kile kijiti cha kupulizia, inapasuka. Sauti hakuna. Nilifanya nini? Nilitembea. Nilicheza na vidole bila sauti, kila nota mahali yake, mpaka mwisho. Hakuna mtu alijua. Kama ningesimama, yule wa nyuma angenigonga, na wa nyuma yake angemgonga, bendi yote ingeanguka kwa sababu ya kijiti." Akaweka kikombe. "Kimya kwa wakati yake iko bora kuliko sauti nzuri imechelewa. Simama."

"Nini?"

"Simama! Shika karatasi."

Akamweka katikati ya ua, karatasi mkononi, na kumwamuru atembee kwa hatua za jeshi huku akiimba kilichoandikwa. Mwenyewe alichukua kijiko na beseni la Mama Kadijah, akawa anagonga hatua. Kushoto, kulia. Ocokoru alikosea nota, miguu ikasita.

Kijiko kikalia kwa nguvu. "Hapana simama! Hapana rudi nyuma! Iliyoanguka iache!"

Kuku wakatawanyika. Mama Kadijah akatoka jikoni, akaweka mikono kiunoni. "Mzee, wewe ulistaafu jeshi, lakini jeshi haijastaafu wewe. Mtoto wa watu amekuja kujifunza kinanda, unampeleka vitani!"

Jirani akachungulia juu ya ukuta. "Afande, adui iko wapi?"

"Iko kwa karatasi!" Yakubu akajibu bila kugeuka. "Kuruta, geuka! Mbele!"

Ocokoru akageuka, mwanamke mzima wa miaka arobaini na tatu, kitenge kikipepea, akiimba nusu sahihi na nusu makosa. Makosa yalianguka nyuma yake, naye akayaacha huko. Alipofika ukutani kwa mara ya saba alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, lakini miguu ilikuwa haijasimama.

*

Kuacha makosa alikuwa amejifunza. Lakini bado aliyafanya mengi mno, kwa sababu aliiona kila nota wakati ule ule wa kuipiga, kama mtu anayefungua mlango na kukutana uso kwa uso na mgeni.

Jambo lililobaki hakulipata Koboko. Alilipata kwenye kiti chake mwenyewe mwezi wa Agosti, akishona pindo la gauni pana la duara. Mteja alikuwa amesimama kando akimwangalia.

"Mama Ocokoru, wewe hata hauangalii sindano. Haiwezi kukuchoma?"

"Sindano inajua kazi yake," Ocokoru akajibu huku mguu ukiendelea. "Mimi naangalia kitambaa inayokuja."

Akasikia alichokisema. Mguu ukaacha kukanyaga. Gurudumu likazunguka peke yake mara mbili, likatulia.

"Kuna nini?" mteja akauliza. "Imekatika?"

"Hapana," Ocokoru akasema. "Utaichukua kesho, mwanangu. Nisamehe." Akafunika cherehani saa nne asubuhi, jambo ambalo baraza lile halikuwahi kuliona, akaenda ukumbini.

Akachota ukurasa. Vidole vikaanza chumba cha kwanza, na macho akayalazimisha kuhamia cha pili. Vidole vikaomba msaada, hakuvitazama. Vilipofika cha pili, macho yalikuwa mlangoni pa cha tatu. Ilikuwa vibaya, ilikuwa kama kutembea ukiwa umegeuza shingo, lakini ilikuwa ni kile kile alichokifanya na kitambaa tangu akiwa msichana. Mikono ilishona kile ambacho macho yalikuwa yameshakiona. Alisoma kurasa nne siku hiyo.

Kwa mwendo huo kasha likaisha. Mwisho wa Septemba alifika chini, kwenye vumbi la mchwa, na hakuna ukurasa mpya uliobaki. Alikaa akifikiri kidogo. Halafu akachukua ukurasa wa kwanza kabisa, akauweka juu ya piano kichwa chini miguu juu, akausoma hivyo. Ulitoa muziki wa ajabu, kama mlevi anayesimulia ndoto. Lakini haukuwa maiti. Kwa kugeuza karatasi tu, kasha zima lilikuwa limejaa tena.

Padri Celestino alipita asubuhi moja, akasimama mlangoni. "Mama, huo ni wimbo gani?"

"Sijui, Padri. Iko kichwa chini."

Padri akafikiri. "Endelea," akasema.

*

Mama Peace alikuja siku ya mvua, na hakuja peke yake. Nyuma ya gari lake kulikuwa na lori, na ndani ya lori wanaume wanne wenye kamba na mablanketi. Waliingia ukumbini wakakaa kwenye benchi la mbele, kamba magotini, wakiitazama piano kama watu wanaopima jeneza.

Mwenyewe alikuwa mama mfupi wa miwani, asiye na maneno mengi. Kwaya ilikuwa imekuja yote. Mwisho kabisa, karibu na mlango, Mzee Yakubu aliketi na kofia yake nyeupe. Alikuwa ameondoka Koboko alfajiri.

"Utautazama nusu dakika," Mama Peace akasema, "kisha utapiga. Hutarudia."

Akaweka ukurasa.

Ocokoru hakukimbilia nota ya kwanza. Akatazama mwanzo: flati nne, vidole vinne vyeusi vya kubeba kichwani. Akatazama hesabu: tatu kwa kila chumba. Akatafuta mahali nota zilipobanana, akapaona katikati ya mstari wa pili. Akatazama chumba cha mwisho, ili ajue anakokwenda.

"Anza."

Akaanza. Vidole chumba cha kwanza, macho cha pili. Mvua ilipiga bati juu yake naye akaiacha. Katika chumba cha tano kidole kimoja cha piano kilizama, hakikulia. Unyevu ulikuwa umekivimbisha. Mkono ukataka kukibonyeza tena. Haukubonyeza. Kimya kikapita kwa wakati wake. Kisha mahali pa msongamano pakafika, na mkono wa kushoto ukapotea kabisa, ukabaki hewani juu ya vidole bila kujua nyumba ni ipi. Vyumba viwili vizima mkono wa kulia ulitembea peke yake, mwembamba, haukusita. Macho yalikuwa yameshafika mbele, yameuona mlango ambapo besi inaanza upya, na mkono wa kushoto ukaingia hapo, kamili, kana kwamba ulikuwa umetoka nje kwa adabu na sasa umerudi.

Akafika mwisho. Sauti ikaisha yenyewe ndani ya mbao.

"Makosa mangapi?" Mama Peace akauliza.

"Nane, mama."

"Mimi nimehesabu saba."

"Nane. Moja ilikuwa chini sana, huku kushoto."

Mama Peace akamtazama juu ya miwani. Akatoa kwenye mkoba ukurasa mwingine na nakala za kutosha. "Kwaya isimame. Huu nao hamjauona. Yeye apige, ninyi mwimbe maneno kadiri mnavyoweza."

Moris akatazama ukutani. Hapakuwa na manila, hapakuwa na herufi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na kitu cha kuwaonyesha watu wake. "Tumfuate dada," akasema kwa sauti ndogo.

Wakamfuata. Soprano walishika mapema, kwa sababu piano iliwapa sauti zao. Alto wakababaika, wakapata. Tenori walipotea katika ubeti wa kwanza, wakaanza kutazamana, na Ocokoru akawasikia wakipotea. Hakusimama. Alitia uzito kidogo katika vidole vya sauti yao, akaitoa juu ya zingine, na mmoja akaidaka, kisha wa pili, kisha wote wakarudi mbio wakihema. Ubeti wa pili kwaya ilikuwa nzima. Wa tatu, wanaume wa lori waliacha kushika kamba.

Mama Peace alikuwa amevua miwani. Aliisafisha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Padri," akasema, "nimekuja na lori. Nilikuwa na hakika. Katika barua yenu kwangu mliandika kwamba mtu wenu ni fundi wa nguo aliyeanza Januari." Akavaa miwani. "Wale watoto wa chuo wanacheza vizuri kuliko huyu. Lakini wakikosea wanasimama wote, na mimi mwalimu wao nimeshindwa kuwaondolea ugonjwa huo. Nani alikufundisha, mama?"

Ocokoru akaelekeza mlangoni. Mzee Yakubu akasimama, mgongo umenyooka.

"Wewe ni mwalimu wa piano?"

"Hapana, madam. Piano mimi sijui hata kidogo." Akamgeukia Ocokoru. "Kuruta, chumba ya tisa na ya kumi, mkono ya kushoto ilikuwa kwa likizo."

"Nilimpa ruhusa, Afande."

"Hiyo ruhusa mimi sikusaini."

Ukumbi ukacheka, na Mama Peace akacheka pia, kisha akasema jambo ambalo wote walikuwa wanalingoja, kwa maneno mawili tu: "Piano ibaki." Kelele za vigelegele zikaishinda mvua. Moris alikuja akamshika Ocokoru mikono yote miwili, akataka kusema utani, akauacha. "Dada," akasema. "Dada yangu."

Mkubwa wa wale wapakuzi wa lori akainuka, amejiviringishia kamba begani. "Mama, sisi tumetoka mbali. Tunarudi mikono mitupu? Hakuna kitu ya kubeba?"

Padri Celestino akatazama juu. Maji yalikuwa yanadondoka karibu na dirisha, hatua mbili tu kutoka piano. "Kuna," akasema. "Muisogeze piano kwenye ukuta wa ndani, pakavu."

Wakaifunga, wakaiinua, wanaume wanne na nusu ya waimbaji wa besi. Wengine walibeba yale makopo ya oili kwa uangalifu wasimwage. Ocokoru alitembea nyuma na kiti chake. Ilivuka ukumbi polepole, ikiguna ndani kwa kila hatua, ikawekwa chini.

"Tusikie sasa," mpakuzi akasema, akijifuta jasho. "Isije ikawa tumeivunja."

Ocokoru akakaa. Alikuwa na nyimbo mia tatu kichwani, yoyote ingetosha. Lakini alimgeukia Mama Peace, akanyoosha mkono, na yule mama, bila kuuliza, akafungua tena mkoba wake kutafuta ukurasa mwingine.